Kabla Hujaniita Analogi

Hapa Kenya ukitaka kumtusi mtu bila kutumia tusi, mwite analogi. Mzee anayehesabu pesa mara mbili kabla ya kumpa konda ni analogi. Mwalimu anayeandika ubaoni kwa chaki ni analogi. Kabambe, ile simu ya kubonyeza, tunaiita analogi, ilhali mle ndani ni dijitali tupu. Neno lilishika kasi kwenye kampeni za 2013, wakati Jubilee walijiita timu ya dijitali na wapinzani wao wakabandikwa analogi. Tangu hapo dijitali imekuwa ujana, usafi na kwenda mbele. Analogi imekuwa kutu.

Mimi kazi yangu ni sauti. Narekodi, nahariri, napakia. Kila siku kuna kidude mezani kwangu kinachogeuza analogi kuwa dijitali, na kingine kinachoirudisha dijitali kuwa analogi ili niisikie. Nikiwa katikati ya hivyo vidude viwili nimefikia msimamo, na leo nautetea: hili tusi letu limetufanya tutupe vitu ambavyo hatutavipata tena. Na hata tunapojaribu kuviokoa, tunaviokoa ovyo, kwa sababu tunadhani kitu kikishaitwa dijitali kimeshapona.

Hebu tuanze na mdomo. Ukiongea, unasukuma hewa. Hewa inagonga kingozi chembamba ndani ya maiki, kingozi kinacheza, na kule kucheza kunazaa umeme unaopanda na kushuka. Hewa ikisukuma kwa nguvu, umeme unapanda juu. Hewa ikitulia, umeme unatulia. Umeme unaiga sauti, na hiyo ndiyo maana ya analogi: kitu kinachofuata mfano wa kingine. Hakuna uzee hapo. Hata studio ya mamilioni inaanzia hapo hapo.

Sasa kompyuta haielewi kitu kinachopanda na kushuka taratibu. Inaelewa namba. Kwa hivyo katikati panakaa kibadilishi, na kazi yake ni kupima ule umeme na kuandika namba, kisha kupima tena, kisha tena. Mtu anayekitengeneza au kukiseti lazima ajibu maswali mawili. Nipime mara ngapi kwa sekunde? Na kipimo changu kiwe kidogo kiasi gani?

Swali la pili ni rahisi, kila mtu aliyetumwa dukani analijua. Kama muuzaji ana kibaba tu, ule unga unaozidi kibaba lakini haufiki viwili, ataukadiria. Atasema ni kimoja, au ni viwili. Akiwa na kijiko, makosa yanapungua. Kwenye sauti, ukubwa wa kijiko ndio tunaouita biti. CD, iliyotoka mwaka wa 1982, hutumia biti 16, yaani kuna ngazi 65,536 za kuchagua kati ya ukimya na kelele kuu. Vidude vingi vya kurekodi vya siku hizi vinatumia biti 24, ambazo ni ngazi zaidi ya milioni 16. Hicho ni kijiko kidogo sana, bana.

Swali la kwanza ndilo lenye mtego. Umewahi kuona video ya matatu inayokwenda mbele huku magurudumu yanaonekana kuzunguka kinyumenyume? Gari halina shida. Kamera inapiga picha, tuseme, 30 kwa sekunde. Kati ya picha moja na nyingine gurudumu limezunguka karibu duara zima, halikumaliza kidogo tu. Kamera ikiunganisha zile picha, inaona gurudumu limerudi nyuma kidogo. Angalia vizuri: hiyo video haina ukungu. Ni kali kabisa, na inadanganya.

Sauti nayo ni hivyo. Ukipima mara chache kuliko inavyotakiwa, zile sauti nyembamba za juu hazipotei kimya kimya. Zinageuka kuwa sauti nyingine za chini ambazo hakuna mtu aliyezitoa. Ndiyo maana mbele ya kila kibadilishi kizuri kuna kichujio, kama soja pale getini, kinachozuia kila kilicho juu ya kiwango kabla hakijaingia kuleta fujo.

Kiwango chenyewe kinajulikana. Harry Nyquist aliandika kuhusu jambo hili mwaka wa 1928, Vladimir Kotelnikov akalithibitisha 1933 kule Urusi, na Claude Shannon akaliweka wazi kwa wahandisi wa mawasiliano mwaka wa 1949. Sheria inasema pima zaidi ya mara mbili ya sauti ya juu kabisa unayotaka kuihifadhi. Sikio la kijana mwenye afya linasikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Mara mbili ni 40,000. CD inapima mara 44,100. Imepita.

Na hapa niwakosoe pia wale wenzangu wanaopenda kusema analogi ina roho na dijitali haina. Mnajua ile picha ya kila mahali, wimbi laini upande mmoja na ngazi za kukwaruza upande wa pili, eti hiyo ndiyo dijitali? Ile picha inapotosha. Zile namba ni vituo tu. Kibadilishi cha kurudisha pamoja na kichujio chake huchora wimbi laini linalopita kwenye vituo hivyo, na ndani ya mpaka uliowekwa, wimbi linalolingana navyo ni moja tu. Linalobaki ni yale makosa madogo ya kukadiria, ambayo sikio huyasikia kama mvumo hafifu kwa mbali, na kwa biti 16 uko chini sana ya ule mvumo wa kaseti. Kwa hivyo dijitali iliyofanywa vizuri haiibi roho ya mtu.

Lakini sikiliza maneno hayo tena: ndani ya mpaka uliowekwa. Nani ameuweka?

Chukua simu. Wahandisi wa simu za dijitali walikubaliana kupima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kukata kila kitu kilichozidi mitetemo 3,400 hivi. Walikuwa na sababu. Laini ni ghali, na mpaka huo unatosha mtu aeleweke. Lakini herufi kama s na f zinatofautiana zaidi huko juu, mahali palipokatwa. Mwambie mtu kwa simu neno "fumbua" bila kumpa sentensi, uone kama hatasikia "sumbua". Ndiyo maana tukitaja jina kwa simu tunaongeza: S ya samaki, F ya fisi. Miaka yote hiyo tumekuwa tukiziba kwa mdomo shimo lililochimbwa na kibadilishi. Siku hizi ukipiga kutoka 4G hadi 4G na mtandao ukikubali, sauti hupimwa mara 16,000, na unashtuka mamako amekuwa kama yuko jikoni hapo. Yeye hajabadilika. Mpaka ndio umesogezwa.

Kilichoachwa nje ya geti hakirudi. Ukichukua rekodi iliyopimwa mara 8,000 ukaibadilisha iwe ya 48,000, unapata faili kubwa yenye vitu vile vile. Chai ya kikombe ukiimimina kwenye sufuria haiongezeki. Najua mtaniambia kuna programu za akili bandia zinazosafisha na kuongeza. Nazitumia. Zinachofanya ni kukisia: zimesikia sauti za watu wengi, kwa hivyo zinajua s huwa inasikikaje kwa kawaida. Itakupa s nzuri. Haitakuwa s ya babu yako.

Tofauti ya pili tuliishuhudia nchi nzima mwaka wa 2015, wakati runinga ya analogi ilizimwa. Katikati ya Februari NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani karibu wiki tatu, kila mtu akilalamika kuhusu ving'amuzi na mahakama. Baada ya siasa kutulia, tulibaki na somo ambalo hatukuliongelea. TV ya zamani mawimbi yakidhoofika ilileta chenga. Mtu anapanda juu ya paa kuzungusha eriali, mwingine dirishani anapiga kelele "Hapo hapo! Rudisha kidogo!" na mpira mnautazama na chenga zake. Ya dijitali ni safi, safi, safi, halafu vijumba vijumba, halafu hakuna kitu. Analogi inazeeka, dijitali inazimia.

Kwa hivyo kaseti iliyokaa miaka 30 kabatini na ikapata ukungu bado inaweza kuongea, kwa sauti ya mafua lakini inaongea. Fleshi iliyoharibika haina mafua. Haisomeki, basi. Kwa upande mwingine, kaseti ukiinakili kwenye kaseti, na hiyo uinakili kwenye nyingine, mvumo unaongezeka kila mara. Namba ukizinakili mara elfu ni zile zile. Kila upande una nguvu yake, na mtu mwenye busara anatumia zote mbili.

Sasa nifike ninakokwenda. Kaseti ilitolewa na Philips mwaka wa 1963, na hapa kwetu ikawa kila kitu. Mombasa kulikuwa na maduka kama Mbwana Radio Service yaliyorekodi na kuuza taarab za kina Juma Bhalo na Maulidi Juma. Watu walirekodi harusi, mawaidha, kwaya, redio ya Sauti ya Kenya kabla haijaitwa KBC mwaka wa 1989. Na walirekodiana barua. Mtu yuko mbali, badala ya kuandika, anabonyeza kitufe chekundu na kuongea dakika 30 upande wa A, anageuza, anamalizia upande wa B, anampa msafiri.

Kwetu ilikuwepo moja ya hizo. Mjomba wangu alienda kufanya kazi Uarabuni miaka ya tisini na akamtumia nyanya kaseti. Anamsalimia kila mtu kwa jina, anauliza ng'ombe, anaeleza joto la huko, anacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, wanasema ukimsikia ulijua yuko mtaa upi. Hakurudi. Alifariki huko, na ile kaseti ndiyo mahali pekee sauti yake ilibaki.

Kabla mimi sijaanza kazi hii, binamu yangu aliipeleka kwenye duka moja mjini "iwekwe dijitali." Jamaa wa duka alichomeka waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi tundu la maiki la kompyuta, akafungulia sauti hadi mwisho ili "itoke na nguvu", akaenda kuhudumia wateja wengine. Katikati, mashine ikautafuna utepe. Binamu alirudishiwa CD moja na kaseti yenye utepe uliokunjamana kama nywele zilizoungua.

Nimeifungua ile faili mara nyingi. Pale anapoongea polepole, sawa, unamsikia. Pale anapopaza sauti, wimbi linapanda halafu linakatwa juu, bapa kama meza. Namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa kwa biti 16 upande wa juu ni 32,767. Umeme ukizidi hapo, kibadilishi hakina namba nyingine ya kuandika, kwa hivyo kinarudia hiyo hiyo. Ukivuta karibu kwenye skrini, kicheko cha mjomba wangu ni 32,767, 32,767, 32,767, kisha chini, kisha 32,767 tena. Kipande kile cha utepe ndicho kilichotafunwa, kwa hivyo hakuna pa kurudi kupima upya.

Nyanya aliisikiliza mara moja akavua hedifoni. Akasema, "Huyu anaongea kama yuko ndani ya debe. Simjui." Watu wakamwelezea kwamba ni yeye, ni ile mashine tu. Lakini nyanya alikuwa sahihi kuliko sisi wote. Pale juu, kwenye kicheko, mjomba hayupo. Kuna namba moja tu inayorudiwa.

Simlaumu sana yule jamaa. Alifikiri kelele ndiyo ubora, kama nusu ya nchi hii inavyofikiri, kuanzia matatu hadi mahubiri ya barabarani. Kwenye kaseti hiyo fikra haikuadhibiwa vikali, maana utepe ukijazwa kupita kiasi unavimba polepole, unakuwa mzito, wengine hata wanaupenda hivyo. Dijitali haina kuvimba. Ina dari, na kichwa kinagonga.

Kwa hivyo ukiwa na kaseti nyumbani, nakuomba ufanye hivi. Tafuta deki inayofanya kazi vizuri, ikiwezekana yenye tundu la kutoa sauti moja kwa moja, si la hedifoni. Safisha hedi yake kwa pamba na spiriti. Jaribu kwanza na kaseti usiyoijali, ile ya nyimbo za disko inayopatikana kila nyumba. Ikipita salama, weka ya maana, ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha ili utepe ulegee. Sikiliza kabla ya kurekodi. Kama sauti imeziba, kuna skrubu ndogo pembeni mwa hedi. Fundi anayejua ataigeuza kidogo kidogo hadi herufi s zifunguke. Hiyo skrubu inafanya kazi kuliko programu yoyote utakayonunua baadaye, kwa sababu inafanya kazi kabla ya geti.

Ingiza kwenye kompyuta kupitia kidude cha USB cha kurekodi, kwenye tundu la laini na si la maiki. Audacity ni ya bure na inatosha kabisa. Seti mara 48,000 na biti 24. Acha nafasi juu: zile sauti kubwa kabisa zisipande zaidi ya desibeli 6 chini ya dari. Itaonekana ndogo kwenye skrini, usijali, kwa biti 24 una ngazi za kutosha, utaipandisha baadaye. Hifadhi kama WAV, usianze na MP3, kwa sababu MP3 inatupa vitu ili faili iwe ndogo, na tumeshakubaliana kilichotupwa hakirudi. Saa nzima ya njia mbili za sauti itakula takriban gigabaiti 1. Hiyo si kitu, una video za meme zinazokula zaidi.

Faili ya kwanza usiiguse. Kutoa mvumo, kupunguza kelele, kuremba, yote fanya kwenye nakala. Miaka kumi ijayo vifaa vitakuwa bora na utataka kuanzia kwenye kitu kizima. Weka nakala tatu, na moja ikae nyumba nyingine kabisa. Na kaseti usiitupe. Hiyo ndiyo ya asili. Faili ni maoni ya mtu mmoja kuhusu kaseti, siku moja, kwa mipaka aliyoichagua.

Najua kuna atakayesema, si uandike tu alichosema mjomba, maneno ndiyo muhimu? Maneno tunayo. Nyanya anayajua kwa moyo, anaweza kukutajia mpaka jina la ng'ombe aliyeulizwa. Hakuwa anatafuta maneno alipovaa hedifoni.

Kizazi chetu kiko mahali pa ajabu. Kaseti bado zipo, lakini deki zinaisha na mafundi wanaozijua wanazeeka. Sisi tuna kompyuta, tuna vidude, tuna muda wa kukaa usiku tukihariri video ya mtu akianguka. Walio nyuma yetu watakuwa na vifaa bora kuliko vyetu lakini hawatakuwa na cha kuchomeka. Kwa hivyo geti liko mikononi mwetu, na mpaka tutakaouweka ndio watakaoishi nao.

Ukienda ushago Desemba, uliza kaseti ziko wapi kabla hujauliza chakula kiko wapi. Angalia juu ya kabati, chini ya kitanda, kwenye lile sanduku la vyombo vya wageni. Na ukipata mzee mtaani anayejua kufungua deki na kuiseti hedi kwa sikio, tafadhali usimwite analogi. Muombe namba.